Gari la Shemeji

Jumatatu, 3 Machi

Daktari aliniambia mwaka jana niwe na daftari la kifua cha mtoto: siku gani kimebana, hewa ilikuwaje, pumzi zilichukua muda gani kurudi. Sikuandika. Mvua zilikatika, nami nikajidanganya kwamba na ugonjwa umekatika. Leo mawingu yamekaa juu ya kilima tangu asubuhi. Nimechukua daftari la hesabu ambalo Chiriku aliligomea baada ya kurasa nne, nimeligeuza, naanzia nyuma.

Kifua: kizuri. Hewa: nzito, haijanyesha.

Chiriku ni binti yetu, ana miaka minane, na jina hilo alipewa na bibi yake kwa sababu ya mdomo. Anasema akila, anasema akioga, na nadhani hata ndotoni anasema. Majirani wananionea huruma kwa kelele zake. Hawajui kwamba mimi huogopa akinyamaza, kwa sababu kifua kikianza kubana, maneno ndiyo huondoka kwanza.

Mwaka jana, msimu kama huu, baba yake alimpandisha hospitali ya kilimani kwa pikipiki. Dereva mbele, mtoto katikati, baba nyuma amemfunika na karatasi ya nailoni. Pikipiki iliteleza mara mbili kwenye kilima. Alifika midomo ina rangi ya majivu. Daktari alisema, "Mngechelewa kidogo tu," akaishia hapo, na mimi sikuomba amalizie.

Jioni hii Baba Chiriku ameingia na habari: kaka yake anauza gari, na ametufikiria sisi kwanza. Alikula amesimama kwa furaha. Nami nilifurahi, acha niandike ukweli. Nilimwona Chiriku amelala kwenye kiti cha nyuma, vioo vimefungwa, mvua inapiga nje bila kumgusa.

Jumatano, 5 Machi

Mvua ya kwanza. Kifua: kizuri. Kutoka shuleni hadi mlangoni amenieleza habari za konokono.

Jumamosi, 8 Machi

Shemeji ameleta gari tulione. Ni jeupe, ila mlango mmoja una weupe wake peke yake. Ndani linanukia sabuni na viti vimevishwa vitambaa vipya.

Shemeji ni mtu mkubwa, akicheka hucheka kwa mabega. Baba yao alipofariki, yeye ndiye aliyemlea mume wangu, akamsomesha, akasimama mahali pa baba siku ya harusi yetu. Akikaa kwenye nyumba hii, redio hupunguzwa sauti bila mtu kuambiwa.

Mama mkwe anaishi kwa Shemeji, lakini alikuja kwa basi, akatangulia kufika, amelowa hadi magotini. Nikamuuliza kwa nini hakuja na mwanawe. Akasema harufu ya petroli inamtia kichefuchefu. Nikajisemea, kama huyu mama anaona tabu kupanda gari moja na mwanawe wa kumzaa, mimi wa kuletwa nitarajie nini?

Shemeji alimzungusha mume wangu hadi barabara ya lami na kurudi. Kisha akanizungusha mimi, peke yangu. Gari lilikwenda taratibu, laini, hata nikaona haya kwa mambo niliyokuwa nikiyawaza. Nikaomba basi twende wote, na mtoto na mama, tujaribu kilima. Akacheka. "Shemeji, hii si harusi. Tukiondoka wote, chai italindwa na nani?" Tukacheka sote isipokuwa mama mkwe. Yeye alikuwa anamimina chai, akasema bila kumtazama mtu, "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake." Nilijua ananisema mimi. Amekuwa akinisema kwa methali tangu nilipoolewa.

Jambo moja dogo limenikaa kichwani. Kulikuwa na mvua ya rasharasha, na Shemeji alipofika tu, gari zima lilikuwa na matone isipokuwa boneti. Boneti ilikuwa kavu na inafuka mvuke. Kutoka kwake hadi hapa ni mwendo wa dakika tano. Sijui ni nani huwasha injini muda mrefu hivyo kabla ya safari ya dakika tano.

Jumanne, 11 Machi

Kazini tunafua mashuka ya hoteli tatu, na taulo za wageni ambao nina hakika hawajui kazi ya taulo. Mashine ziko tano. Namba tatu ni mgonjwa. Ikijazwa, inagonga kwa ndani kama mtu anayetaka kufunguliwa.

Leo wakaguzi walikuja. Msimamizi aliinua vidole viwili, na sisi sote tunajua maana yake. Nilitoa mashuka yote yaliyolowa kwenye namba tatu, nikaacha foronya mbili tu. Mashine ikazunguka kimya kimya. Mkaguzi akaweka sikio, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akatia sahihi. Alipotoka langoni nilirudisha mashuka, nayo ikaanza kugonga.

Nimefanya hivyo miaka minne. Leo nilikuwa nimeshafika nyumbani, nafungua kamba za viatu, ndipo nilipokumbuka kwamba Shemeji alitupakia mmoja mmoja. Mchezo huu naujua, nami ni mmoja wa wachezaji.

Jumatano, 12 Machi

Mvua. Kifua: kimepiga filimbi asubuhi, dawa ya kuvuta ikatosha.

Jumapili, 16 Machi

Nimemwambia Baba Chiriku. Nilisubiri mtoto aende kucheza, nikamweleza boneti, nikamweleza foronya mbili. Alisikiliza akikuna ukucha kwa njiti ya kiberiti.

Kwanza alinitania. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, akasema; wewe umeumwa na pikipiki, sasa unaogopa kila chenye gurudumu. Nikacheka kidogo kumridhisha. Kisha nikamwomba tulete fundi aliangalie. Utani ukaisha papo hapo.

Katika ukoo huu, kitu cha mkubwa hakigeuzwi kuangaliwa chini. Unakipokea kwa mikono miwili na unashukuru. Kuleta fundi alikague gari la Shemeji ni sawa na kumpekua mifuko mbele ya watoto. Hayo yote nayajua. Lakini pia najua kilima kile kina kona tatu na hakina mahali pa kugeuzia.

Nikamwambia basi tusilete fundi, tumwombe tu atupakie wote. Mwishowe akasema, "Heri nusu shari kuliko shari kamili, mke wangu." Nikamuuliza nusu shari ni ipi. Akasema anakwenda kumtafuta mtoto, mvua inakuja.

Jumatano, 19 Machi

Naandika kabla sijavua aproni.

Namba tatu imepasuka. Mwenzangu wa zamu, Mama Pacha, alikuwa ameondoka mbele yake kwenda kutafuta kikombe chake, anachokipoteza kila siku na tunachomcheka kila siku. Tulisikia kishindo kimoja kikubwa, kisha kipande cha chuma cha urefu wa kijiko kikatoka kwenye mlango wa mashine na kuingia ukutani. Kiliingia pale ambapo huwa panakuwa na kifua chake.

Mama Pacha alirudi na kikombe mkononi. Alicheka mpaka akakaa sakafuni, kisha akaanza kulia. Msimamizi aliuliza nani ameijaza kupita kiasi. Chuma kilipong'olewa niliweka kidole kwenye tundu, kikaingia chote. Siku nane zilizopita ni mimi niliyetoa yale mashuka ili mkaguzi asisikie.

Kifua: sijui. Nimesahau kusikiliza. Ninakwenda sasa hivi.

Kizuri.

Jumamosi, 22 Machi

Shemeji ametuachia gari. Amesema tukae nalo, tulizoee, tutaandikishana karatasi katikati ya Aprili. Akaongeza, kama mtu anayekumbuka kitu kidogo, kwamba tusilibebeshe. Gari ni kama tumbo, alisema, ukilijaza linasumbua. Baba Chiriku alicheka kabla hata utani haujaisha.

Usiku wote mvua. Barabara ya chini imekatika.

Jumanne, 25 Machi

Nimefanya jambo. Kwa kuwa mashine zimebaki nne, tunafanya kazi nusu siku. Nilirudi mapema nikamwita fundi wa mtaa wa pili, mzee asiyecheka na asiyependa kusalimiana kwa kirefu.

Nilikuwa nimelilinda gari lisiwashwe tangu jana. Alishika boneti, akasema, "Vizuri, limelala. Gari baridi ndilo linalosema kweli." Akafungua kifuniko cha oili, akakigeuza, akanionyesha. Upande wa ndani kulikuwa na povu lenye rangi ya chai ya maziwa. Akaliwasha. Dakika mbili za mwanzo lilikohoa na kutoa moshi mweupe, kisha likanyamaza na kuwa lile gari laini nililozungushwa.

Alijifuta mikono pole pole kabla ya kusema. "Mama, injini hii iliwahi kuchemka vibaya, kichwa chake kimepinda. Maji yanaingia kwenye oili. Mkiwa wawili, barabara tambarare, litawapeleka hata mwaka mzima. Lipakie watu, lipandishe kilima, litachemka tena. Na likizimika hapo, halitawaka."

Nikamuuliza kama linatengenezeka. Akasema linahitaji injini nyingine, na mwenye gari anajua, maana mtu alishalifungua akalifunga. Nilimsihi asimwambie mtu. Akasema yeye leo hajaona gari lolote.

Ijumaa, 28 Machi

Fundi hakusema, lakini mtaa una macho. Shemeji alikuja jioni na mwavuli, hakukaa.

Hakupandisha sauti. Ningependa angepandisha. Alisimama pale mlangoni, maji yakidondoka kwenye mwavuli wake, akaniambia, "Shemeji, nilimlea mume wako nikiwa sina viatu. Sikumwita fundi anipimie kama atafaa."

Baba Chiriku alitazama sakafu. Kisha akasema niombe radhi. Nikaomba. Sijui niliomba radhi kwa kosa gani, labda kwa kuogopa. Shemeji akasema yamekwisha, akamshika mtoto kichwa, akaondoka.

Nimekaa nikisubiri mume wangu aniulize fundi alisema nini. Tumekula, tumefunga milango, amejilaza. Hajauliza. Hilo limenitisha kuliko maneno ya Shemeji.

Jumanne, 1 Aprili

Mvua. Kifua: filimbi asubuhi.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua. Kifua: filimbi asubuhi na jioni. Dawa ya kuvuta inakaribia kwisha. Duka la dawa wanasema lori la mzigo limekwama njiani.

Ijumaa, 4 Aprili

Mvua. Mama mkwe amekuja kukaa nasi siku chache, kwa miguu, viatu mkononi. Amesikiliza kifua cha mjukuu wake kwa sikio lake mwenyewe na hajatoa methali yoyote.

Jumamosi, 5 Aprili

Mvua. Leo Chiriku amesema kidogo.

Jumapili, 6 Aprili

Naandika nikiwa kwenye benchi la hospitali. Pembe za daftari zimelowa, lakini lilikuwa ndani ya nguo yangu muda wote, sijui nililichukua saa ngapi.

Ilikuwa saa nane mchana. Nilikuwa nakunja nguo ambazo hazijakauka. Chiriku alikuwa anamsimulia bibi yake habari za mwalimu aliyeanguka kwenye tope: "Basi mwalimu akasimama, halafu aka..." Akaishia hapo. Nilisubiri neno linalofuata. Halikuja. Nilipogeuka mabega yalikuwa yamepanda, na kishimo cha kooni kilikuwa kinaingia ndani kwa kila pumzi.

Dawa ya kuvuta ilitoa upepo mtupu. Zahanati ya huku chini haifunguliwi Jumapili. Simu ya gari la wagonjwa iliita mpaka ikakata, nikapiga tena, ikaita mpaka ikakata. Dereva wa pikipiki wa jirani alisema maji yanateremka kilimani kama mto, hawezi, na nilimwona usoni kwamba anasema kweli.

Baba Chiriku alikuwa ameshashika ufunguo. Mama mkwe, ambaye petroli humtia kichefuchefu, aliingia wa kwanza, akapakata kichwa cha mtoto. Mimi nikaingia upande wa miguu. Gari likakohoa, likawaka. Hatukuwa na muda wa kungoja lipate joto.

Njia nzima hadi chini ya kilima nilikuwa nawaza jambo moja. Tuko wanne. Nikimwambia mume wangu nishuke, ataona nina wazimu, mama gani anayeshuka akamwacha mtoto katika hali hii? Nisipomwambia, litazimika kwenye kona, na hapo hakuna pikipiki, hakuna mtu, hakuna chochote. Chiriku alikuwa ananitazama. Hakulia, maana kulia kunahitaji pumzi.

Nilifungua mdomo. Kabla sijasema, gari likasimama.

"Shukeni," alisema Baba Chiriku. "Wewe na mama."

Aliruka nje, akafungua nyuma, akatupa tairi la akiba kwenye nyasi, akatupa jeki, akatupa kisanduku cha vifaa. Akamhamishia mtoto kiti cha mbele, akalaza kiti. Yote aliyafanya haraka na kwa mpangilio, kama mtu aliyekwisha kuyafikiria. Chiriku alinyoosha mkono kwangu, mlango ukafungwa. Gari likaondoka, nami nikabaki barabarani.

Nilisikia mlio wake ukipanda hadi kona ya kwanza. Ndipo nilipoelewa. Fundi alizungumza na mimi tu, na mimi sikumwambia mume wangu neno hata moja la yale aliyoyasema. Hofu yangu aliitania tu; alijuaje kwa hakika kwamba gari lile halipandi na watu?

Tulianza kupanda kwa miguu. Maji yalikuwa yanafika juu ya vifundo. Mama mkwe ana miaka sabini na mbili, na alikuwa mbele yangu. Kila kona niliifikia nikiwa nimefumba macho, kwa kuogopa kulikuta gari limesimama, milango wazi. Kona ya kwanza halikuwapo. Kwenye kona ya pili kulikuwa na harufu ya kitu kilichoungua. Nilisimama kabisa. Mama mkwe akarudi, akanishika kiganja.

"Twende, mwanangu. Hii si mara yangu ya kwanza kupanda hapa kwa miguu kwa sababu ya gari lile."

Alinisimulia tukipanda, maneno machache kwa kila pumzi. Mwaka jana walikuwa wanatoka msibani, watu sita. Gari lilichemka penye jiwe jeupe ambalo alinionyesha kwa kidole. Mwanawe mkubwa akamwambia, mama, shuka. Alishuka, akapanda kilima chote kwenye mvua na viatu vya msibani. Hajawahi kumwambia mtu.

"Kwa nini hukuniambia mimi?" nilimuuliza.

"Nilikwambia. Nilisema kitanda na kunguni."

"Nilidhani unanisema mimi."

"Wewe nakusema kila siku," alisema. "Siku ile nilikuwa nasema gari. Ulitaka nimtangaze mwanangu kwa maneno gani?"

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka pale kwenye mvua, na kicheko kikageuka kilio, naye hakuniachia kiganja mpaka kona ya tatu. Halikuwapo. Palikuwa na mstari wa maji yenye kutu katikati ya barabara, nasi tukaufuata hadi langoni.

Gari lilikuwa limeachwa mbele ya mlango wa dharura, linafuka mvuke, vifuta kioo bado vinacheza. Baba Chiriku alikuwa amekaa sakafuni kwenye korido, mgongo ukutani. Niliogopa kumwuliza. Muuguzi akatoka, akatutazama tulivyolowa, akasema, "Bibi na mama? Yuko kwenye mashine ya mvuke. Anapumua. Kaeni."

Jumatatu, 7 Aprili

Kifua: kinapanda na kushuka, nimekitazama tangu alfajiri. Walipomtoa barakoa ya mvuke, neno lake la kwanza lilikuwa la malalamiko, kwamba inanukia konokono.

Tulitoka nje kununua maji ya kunywa, mimi na baba yake. Nikamwambia, "Ulikuwa unajua."

Hakukana. Kaka yake alimweleza siku ile ile ya kwanza, wakizunguka barabara ya lami. Alimwambia likiwa tupu halina neno, na kwenye kilima mkeo na mama watashuka tu. Akamwomba asiniambie, kwa kuwa mimi ni mwoga.

"Nami ni mwoga," alisema mume wangu. "Sijalala tangu mwaka jana. Namsikia yule mtoto akiteleza mikononi mwangu juu ya ile pikipiki. Nikaona heri gari linalobeba mtu mmoja kuliko kukosa gari. Na limefika, Mama Chiriku. Jana limefika."

Nilitaka kukasirika na nilikasirika, nimekasirika hata sasa. Lakini limefika kweli, na naogopa kwamba sasa hatutaweza kulikataa.

Jumatano, 9 Aprili

Tumerudi nyumbani. Kifua: kizuri. Anasema. Anasema sana.

Jumapili, 13 Aprili

Shemeji amekuja na karatasi. Gari alilifuata hospitali siku ya pili, akalijaza maji, na leo amelileta limeoshwa, likiwa na mabinti zake wawili kwenye kiti cha nyuma. Boneti ilikuwa kavu.

Alimkumbatia Chiriku na macho yake yalilowa, hilo nililiona na sitaliandika vingine. Kisha akaweka karatasi na ufunguo mezani. Akasema gari hili limemwokoa mtoto, na anayeokoa hafukuzwi. Mama mkwe alikuwa anapepeta mchele ambao hauna hata chuya moja. Wote walinisubiri mimi.

Wanasema kwa mwoga huenda kicheko.

"Shemeji, nakushukuru. Bila gari lako sijui leo tungekuwa wapi. Tutalinunua leo leo, na sahihi nitatia mimi kwanza. Nina ombi moja. Wanao wako ndani tayari. Aingie mama, aingie mdogo wako, niingie mimi. Utupandishe kilima. Tukifika juu, ni letu."

Alicheka kwa mabega. Hakuna aliyemsaidia kucheka. Akamtazama mdogo wake, labda akitarajia aniambie niombe radhi, lakini Baba Chiriku alikuwa anamtazama yeye, usoni, jambo ambalo sijawahi kuliona. Kisha mama mkwe akaweka ungo chini, akachukua mkoba wake, akatoka. Tulimwona kupitia mlangoni akifungua gari na kuketi katikati ya wajukuu zake, mkoba magotini, akisubiri.

Shemeji alichukua ufunguo. Alikwenda akaketi kwenye usukani, akawasha. Mimi na mume wangu tulitoka tukasimama kwenye mvua, mkono wangu kwenye kitasa. Kilima kilikuwa mbele yetu, kona ya kwanza inaonekana. Mabinti nyuma walikuwa wanagombania dirisha, na bibi yao hakuwaamulia. Shemeji aliwatazama kwenye kioo kidogo kile cha juu. Aliwatazama muda mrefu mpaka nikadhani ametusahau.

Akazima injini.

"Shukeni," aliwaambia wanawe.

Waliuliza kwa nini, hawajafika popote. Mama mkwe ndiye aliyewashika mikono akawaingiza ndani, akawapa chai. Shemeji alikunja karatasi zake mara nne, akaondoka na gari, peke yake.

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua. Kifua: kizuri.

Alhamisi, 24 Aprili

Siku kumi na moja Shemeji hajaja. Baba Chiriku huenda kwake jioni na kurudi hana maneno. Naogopa kwamba nimewatenganisha ndugu wawili kwa ombi moja.

Kazini wameleta namba tatu mpya. Leo wakaguzi walikuja, na msimamizi akainua vidole viwili kwa ajili ya namba tano. Nilibaki na mikono kwenye mifuko ya aproni. Mama Pacha naye akaweka ya kwake. Namba tano ikagonga mbele ya mkaguzi, naye akaacha kutia sahihi. Msimamizi hajanisemesha tangu saa nne, na sijui kesho nitakuta kazi.

Jumamosi, 10 Mei

Kazi nilikuta. Na leo tumehama.

Ni chumba kimoja na ukumbi, juu ya kilima, ukitoka mlangoni unaliona lango la hospitali. Ni kidogo, na sahani zetu hazitapata kabati. Nyumba ya chini amepanga Mama Pacha. Tulikubaliana siku ile ile Shemeji alipowaambia wanawe "Shukeni", mimi na Baba Chiriku, bila kubishana: kama gari haliwezi kupanda kilima, tupande sisi.

Tulikodi mkokoteni. Tulikuwa tunafunga godoro juu Shemeji alipotokea, kwa miguu, suruali ameikunja hadi magotini. Hakuna aliyemwita. Alinisalimia, nikamwitikia, akauliza kamba nyingine iko wapi. Gari, amesema, liko nyuma ya nyumba, amelitoa betri ili asije akashawishika.

Chiriku alipanda juu ya godoro na kuanza hotuba. Mama mkwe alitangulia na mkoba. Baba Chiriku alishika mbele, Shemeji akaweka bega nyuma, mimi ubavuni. Mawingu yalikuwa yameshuka tena, na nilikuwa naogopa, nitaandika hivyo, niliogopa matone matatu yaliyonigusa mkono.

Chini ya kilima mkokoteni ulisimama ili watu wavute pumzi. Hotuba ikakatika. Nikainua kichwa haraka. Chiriku alikuwa anatambaa kuelekea ukingo wa godoro, mguu mmoja umeshaning'inia.

"Nishuke, baba?" aliuliza.

Mume wangu hakugeuka. Nilimwona shingo yake tu, na nikamwona Shemeji ameinamisha kichwa.

"Kaa hapo hapo, mwanangu. Usishuke."

Tukasukuma.

Kifua: kizuri. Hewa: mvua ndogo. Amesema njia nzima.